Risala ya Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Tandahimba, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi kutoka Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Mtwara,
Viongozi wa chama chetu cha msingi cha ushirika (AMCOS), wazee wetu na wanakikundi wenzangu,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu Tandahimba. Umetukuta mikorosho inachanua na mifuko mitupu, ndiyo maana leo ngoma ni nyingi kuliko soda.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tulidhani hela ya korosho hupakiwa garini Dar es Salaam ikaletwa huku. Kumbe kila benki ina akaunti kwenu Benki Kuu. Mnunuzi akilipia mzigo wa mnadani, mfumo wenu wa malipo kati ya benki na benki, TISS, unaofanya kazi tangu mwaka 2004, hutoa kwenye akaunti ya benki yake na kuingiza kwenye ya benki ya chama kikuu cha ushirika, muamala mmoja mmoja, na ukishakamilika hautenguliwi. Mamilioni yanahama, noti hata moja haijasogea. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hela yenyewe iko wapi?" Swali hilo tumekuwekea wewe.

Kwa hela zetu ndogo ndogo, TIPS, mfumo wenu wa malipo ya papo hapo unaounganisha mitandao ya simu na benki, imetusaidia. Mweka hazina wetu alikuwa na laini tatu kwenye simu mbili, kila mtandao na watu wake. Sasa mchango unatoka mtandao wowote, au benki, hata usiku wa manane. Makato bado yanauma, hilo hatulifichi.

Tatizo letu liko mwisho wa safari. Msimu uliopita mwanakikundi mwenzetu alisomeka Khadija kwenye daftari la AMCOS, benki akasomeka Hadija. Malipo yakarudi. Benki ikamtuma AMCOS, AMCOS ikamrudisha benki, kila safari bodaboda. Wiki tatu kwa herufi moja! Januari ikaingia, mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza, na kilo arobaini za korosho zilizobaki ndani zikaenda kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imewapa ninyi usimamizi wa mifumo hii. Tunaomba mzibane benki zihakiki majina na akaunti pamoja na AMCOS mapema, wakati bado tunapulizia mikorosho dawa ya salfa, siyo baada ya mnada. Na malipo yakirudi, mkulima apate ujumbe kwenye simu siku hiyo hiyo ukieleza sababu. Kama mashine inajua imekataa, inashindwaje kusema?

Hadija, au Khadija, amekaa safu ya pili, mwenye kanga ya njano. Amekuja na kadi ya benki na stakabadhi zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Tunaomba umpe dakika tano kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.