Mzani wa nguvu za Goku

Shangani, Mtwara

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku kwetu wote wazima, na mama anakuulizia kila mara. Ule ubishi wa Dragon Ball Super, katuni ya Kijapani ya mapigano ya shujaa Goku, uliouacha siku unarudi Lindi bado unaendelea, na baadhi ya wanayosema vijana yananiuma.

Hoja yao ni kwamba tangu mwendelezo huu wa Dragon Ball ya zamani uanze mwaka 2015 nguvu hazina hesabu tena. Mfano wanaoupenda ni Goku, aliyekwisha kufikia nguvu za miungu, kuangushwa na mwali wa pete ya Sorbet, askari asiye na lolote wa Frieza, yule adui wa siku zote. Nimewakatalia. Whis, mwalimu wake, alishamwonya kwamba akijiamini sana hujiachia na kuacha kujilinda. Jambo lilisemwa mapema, likatokea.

Na eti zamani mambo yalikuwa yamenyooka! Kumbuka Raditz, kaka yake Goku aliyekuja kama adui, na kile kifaa chake cha jichoni cha kupimia nguvu kwa namba: Goku alisoma 334, akavua nguo nzito akafika 416. Lakini Gohan, mwanawe Goku, mtoto anayelia, alisoma 710, na aliporuka kumpiga Raditz kichwa ikawa 1,307. Uchungu ulipandisha nguvu tangu enzi za namba. Kwa hiyo Trunks, mwana wa Vegeta, kwa hasira kuwakabili maadui Goku Black na Zamasu peke yake, baada ya Goku na mwenzake Vegeta kupigwa wakiwa Blue, lile umbo lao la nguvu za miungu, hakunishtui kihivyo.

Kinachonikera mimi ni gharama ya kutumia nguvu kubwa kusahaulika. Nguvu za Gohan zilishuka papo hapo, akabaki mtoto tu mbele ya Raditz. Baada ya pambano na Hit, muuaji wa kukodiwa, ambapo Goku aliweka Kaio-ken, mbinu ya kuzidisha nguvu, mara 10 juu ya Blue, alishindwa kuidhibiti ki yake, yaani nguvu ya ndani ya mwili. Safi kabisa. Halafu kwenye Mashindano ya Nguvu, yanayokutanisha timu za malimwengu mbalimbali, anaipandisha Kaio-ken hadi mara 20 mbele ya Jiren, mpinzani mkali kuliko wote, na ule ugonjwa hatuusikii tena. Mkulima wa korosho hagombi na mzani kwa sababu gunia lake ni jepesi. Anagomba pale gunia lilelile linaposoma kilo tofauti asubuhi na jioni.

Na wanaolalamika kwamba Mzee Roshi, mwalimu wa zamani wa Goku, hakustahili kuweza kupigana humo, wamwache. Mashindano yale yalikuwa ya kutupana nje ya ulingo, kuua marufuku, na wapiganaji 80 wamo humo. Ujanja lazima ufae.

Tena wengi hawajui kwamba marehemu Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball, alitoa muhtasari wa hadithi, kisha watengeneza katuni na Toyotarou, mchoraji wa manga, yaani hadithi ya vitabu vya michoro, wakaujaza kila mmoja kivyake. Kefla, mmoja wa wapinzani wa mashindano hayo, kwenye katuni anatolewa ulingoni na Goku mwenye Ultra Instinct, hali ya mwili kupigana wenyewe bila kufikiri. Kwenye manga anatolewa na Gohan. Wewe unasoma, mimi naangalia, ndiyo maana tukibishana juu ya Gohan hatumalizi: tunazungumzia Gohan wawili.

Na nikuambie, kwa hili la gharama manga yako inaipita katuni. Humo Goku akirudia kuingia Blue kwa muda mfupi nguvu zinapungua vibaya, kwa hiyo anachagua lini aitumie. Hayo ndiyo mapigano ninayoyataka. Nirushie sura za mashindano kwenye simu, zote, niwasomeshe hawa wabishi wa huku. Halafu nijibu: Jiren wa kwenye manga naye unamwona amezidishwa?

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi swahiba wako,
wa Shangani