Mfupa uliopandikizwa hauharakishwi

Mhariri,

Nimelisoma lile tangazo la “meno ya kudumu kwa siku moja” lililotoka kwenye gazeti lako wiki iliyopita, na sikuweza kunyamaza. Mimi ni daktari wa meno hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vipandikizi, yaani zile skrubu ndogo za titani tunazozikaza ndani ya taya kisha tukajenga jino juu yake. Sisemi tangazo ni la uongo. Mwenye mfupa mgumu, hasa sehemu ya mbele ya taya la chini, aweza kuingia kliniki asubuhi na kutoka jioni na jino. Lakini halikutaja hata kidogo wale ambao mfupa wao umekwisha ikabidi waongezewe mwingine, na hao ndio ninaowaona kila wiki.

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka. Mwaka wa kwanza pekee waweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Kwenye magego ya juu hali ni ngumu zaidi kwa sababu juu yake pana uwazi wa sainasi, yaani chumba cha hewa kando ya pua, na mara nyingi picha ya CT hunionyesha mfupa uliobaki ni milimita tatu au nne tu. Hapo huinua utando wa sainasi na kujaza chini yake mfupa uliokwanguliwa kwenye taya la mgonjwa mwenyewe, au chembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa kiwandani. (Wagonjwa wengi huuliza kwanza kama ni wa nguruwe. Wana haki kuuliza, maana huo pia upo, na daktari awajibu waziwazi.)

Siku hiyo ya kwanza tulichojaza ni kifusi. Kila anayejenga huku Pwani anajua kwamba nguzo haisimamishwi juu ya kifusi ambacho hakijatulia. Mishipa ya damu lazima ipenye katikati ya zile chembe, mfupa mpya uote, na hilo huchukua miezi minne, sita, wakati mwingine tisa.

Mwaka huu alinijia mama mmoja anayeuza leso. Aliongezewa mfupa kwenye kliniki nyingine, akawekewa skrubu siku hiyohiyo, na baada ya wiki sita akafungwa jino la kudumu. “Hili lacheza, mwanangu,” aliniambia, akilisukuma kwa ulimi. Hakuwa na maumivu. Nilipolishika, skrubu ilizunguka pamoja na jino, nikaitoa kwa vidole. Pesa alizolipia zilikuwa za chama, na bado anadaiwa.

Kilichomfika kinaeleweka. Mwanzoni skrubu hushikwa na mkazo tu, meno ya skrubu yenyewe yakiuma mfupa. Kisha mwili huondoa mfupa ule uliojeruhiwa kabla ule mpya haujapata nguvu, na kwa kawaida kati ya wiki ya tatu na ya nne mshiko hushuka. Kwenye mfupa wa kuongezwa, ule mkazo wa mwanzo huwa mdogo tangu hapo. Skrubu ikichezacheza kupita takriban milimita 0.15, mwili huizungushia utando wa nyama badala ya mfupa, na ikishafika hapo haishiki tena.

Yapo mengi ya kufanya. Kama mfupa wa asili uliobaki ni milimita tano hivi na ni mgumu, skrubu yaweza kuwekwa siku moja na kuongezewa mfupa; ukiwa chini ya hapo, mimi hujaza kwanza na kurudi baada ya miezi. Tundu hulitoboa dogo kuliko skrubu, na huchagua skrubu iliyochongoka ili ijibane yenyewe. Spana yetu hupima nguvu ya kukaza, na isipofika niutoni-sentimita 35 hata sifikirii kuweka jino siku hiyo. Pia meno ya kuvaa yasigandamize pale tulipojaza. Hili hupuuzwa sana: mgonjwa huambiwa ale uji, halafu sahani ya meno yake inausugua mfupa usiku kucha.

Halafu kuna kupima. Kigingi kidogo chenye sumaku hufungwa juu ya skrubu, kifaa hukitikisa bila kukigusa, na namba ya kuonyesha skrubu imeshika kiasi gani hutokea, kati ya 1 na 100, tunaiita ISQ. Ikiwa 70 au zaidi naendelea, ikiwa chini ya 60 nasubiri, hata mgonjwa akinuna. Mswidi Per-Ingvar Brånemark, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965, alifundisha kusubiri miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu, tena kwenye mfupa wa asili. Skrubu za leo zina uso bora na zimepunguza muda huo, ila si kwa kila mfupa.

Naomba matangazo ya aina hii yaeleze wazi kwamba hayamhusu aliyeongezewa mfupa. Madaktari wenzangu nawaomba waiandike namba ya ISQ kwenye kadi ya mgonjwa, ya siku ya kuweka skrubu na ya siku ya kufunga jino, naye mgonjwa aidai kabla hajamaliza kulipa. Mwandishi wako akitaka kukiona kifaa hicho kikifanya kazi, anakaribishwa kliniki siku yoyote.

Daktari wa meno,
Mombasa