Barua kutoka Wembley, kwa wote wa Dodoma mjini na babu yangu Kongwa

Baba, mama, shikamooni. Mbukwenyi wote hapo nyumbani. Babu mpelekeeni salamu zangu za kwanza kabisa, na mkienda Kongwa msomeeni hii barua yote taratibu maana nusu yake ni ya kwake.

Baba, juzi kwenye simu uliniuliza huu uwanja wa Wembley ninaofanyia shifti za usafi una nini hasa mpaka dunia nzima iuimbe, nikakujibu juu juu kwa sababu nilikuwa naingia kazini. Swali lako limenikaa kichwani. Nimesoma, nimeuliza wazee wa hapa wanaouza skafu nje ya stesheni ya Wembley Park, na kitu nilichokuta sikukitegemea, yaani kila nikigeuka kwenye historia ya huu uwanja nakutana na watu wa kwetu, na mara tatu nimekutana na Kongwa yenyewe. Ndio maana nimeamua kuandika sio kupiga, ili isipotee.

Kwanza mwanzo wake. Uwanja wa zamani ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya himaya ya Waingereza ya 1924, kama vile sabasaba yetu lakini ya makoloni yote, kila koloni lina banda lake linaonyesha mazao na vitu vyake. Tanganyika ilikuwepo kwenye banda la Afrika Mashariki. Kwa hiyo toka mwanzo wa huu uwanja jina la nchi yetu lilishawekwa pale, ila limewekwa na wenye nguvu kama mali yao. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Uwanja wenyewe uliwahi kumalizika, wakaufungua tarehe 28 Aprili 1923 na fainali ya kombe la FA, Bolton na West Ham. Tiketi nyingi hazikuuzwa mapema, unakuja unalipa getini. Hesabu rasmi ni watu 126,047 lakini waliobomoa mageti na kuruka kuta ni wengi mno, wengine wanasema walifika laki mbili. Uwanja wote ukajaa watu mpaka golini, mechi ikachelewa kama dakika 45, na polisi mmoja akiwa juu ya farasi mweupe anaitwa Billie alisaidia kuwasukuma watu pole pole mpaka kwenye mistari. Leo kuna daraja hapa linaitwa la Farasi Mweupe, nalipita nikienda kazini. Bolton walishinda 2-0. Toka hapo tiketi za fainali zikawa zinauzwa kabla.

Maonyesho yalipoisha walitaka kuubomoa. Akatokea mfanyabiashara Arthur Elvin akauokoa, na kilicholipa bili miaka mingi ni mbio za mbwa. Mbwa baba! Hata kombe la dunia 1966 mechi ya Uruguay na Ufaransa ilihamishiwa uwanja mwingine kwa sababu siku hiyo Wembley ilikuwa siku ya mbwa na mwenye uwanja hakutaka kuahirisha.

Sasa sikilizeni habari ya kwanza ya Kongwa. 1948 Olimpiki zilifanyika hapa, vita imeisha miaka mitatu tu, Uingereza chakula bado ni cha mgao. Hawakujenga kijiji cha wanamichezo, waliwalaza kwenye kambi za jeshi na vyuo, wakaambiwa waje na taulo zao wenyewe. Wakimbiaji wakapewa mgao sawa na wachimba makaa ya mawe na makuli wa bandarini ili wapate nguvu. Barabara pana ya kuingilia uwanjani ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kijerumani. Mama mmoja wa Uholanzi, Fanny Blankers-Koen, miaka 30 na watoto wawili, watu walisema amezeeka arudi jikoni, akachukua dhahabu nne. Mama hiyo ni ya kwako.

Na kitu kilichoadimika kuliko vyote hapa kilikuwa mafuta ya kula. Babu anajua linalofuata. Ndio maana 1947 serikali yao ilikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, wakang'oa mibuyu na miti ya miiba, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa trekta, udongo ukakauka ukawa mgumu mvua ikakataa, mwanzoni mwa 1951 wakaacha na hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Babu alikuwa mtoto anakimbilia kuangalia mitambo. Yaani wakati Wembley wanashangilia mbio, mafuta ya kukaangia chakula chao yalikuwa yanatafutwa kwenye mashamba ya kwetu, na babu alikuwa anaona kwa macho yake ila hakuna aliyemwambia ni kwa nini.

Habari ya pili ndiyo imenishika zaidi na naomba kaka asome kwa sauti. Eusébio mnamjua kwa jina. Kazaliwa Msumbiji, Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya sasa, jirani zetu kabisa, lakini kwa sababu Msumbiji ilikuwa koloni ilibidi achezee Ureno. Kapteni wake Mário Coluna nae wa Msumbiji. Mwaka 1966 nchi za Afrika zilisusia kombe la dunia, zote, wakiongozwa na Ghana, kwa sababu FIFA walitaka bingwa wa Afrika akapambane tena na wa Asia ndio apate nafasi, bara zima halina hata nafasi moja ya uhakika. Mimi naona walifanya vizuri sana, na 1970 ikapatikana nafasi, Morocco wakaenda. Kwa hiyo 1966 Afrika haikuwepo, lakini mfungaji bora wa kombe lote alikuwa mtoto wa Afrika, Eusébio, magoli 9.

Na Wembley haikumpa raha. 1963 alifunga hapa kwenye fainali ya vilabu vya Ulaya, timu yake Benfica wakapigwa 2-1 na Milan. 1966 nusu fainali alifunga penalti, Ureno ikafungwa 2-1 na England, akatoka uwanjani analia. 1968 fainali tena na Manchester United, mechi 1-1 zimebaki dakika chache akabaki yeye na kipa Alex Stepney tu, akapiga shuti kali kipa akadaka, na Eusébio akasimama akampigia makofi. Akampigia makofi aliyemnyima kombe! Nyongeza wakafungwa tatu, ikaisha 4-1.

Sasa wekeni hiyo miaka pembeni ya Kongwa. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilianzishwa Dar 1962, risasi ya kwanza Septemba 1964, na kambi yao ilikuwa Kongwa, Samora Machel mwenyewe alikuwepo hapo. Kwa hiyo vijana wa Msumbiji wako Kongwa wanafanya mazoezi ya kupigana na Ureno, na kijana mwingine wa Msumbiji yuko Wembley amevaa jezi ya Ureno analia imefungwa. Mimi simlaumu Eusébio hata kidogo, hakuchagua bendera, ila nataka sana kujua wale wa kambini walimuonaje. Walikuwa na redio? Walishangilia magoli yake au walinuna? Kitabuni sijakuta. Babu alikuwa anawapelekea maziwa, huenda aliwasikia wakibishana.

Ya tatu ni Mandela. Kongwa hiyo hiyo ANC, chama cha Mandela, walipewa eneo 1964, mpiganaji wao Chris Hani aliishi hapo, babu huwa anasema walikuwa wanaimba jioni mpaka mtaa mzima unasikia. Miaka zaidi ya ishirini baadae, tarehe 11 Juni 1988, Wembley likafanyika tamasha la kutimiza miaka 70 ya Mandela nae bado yuko gerezani. Watu kama 72,000 ndani, na runinga za nchi 60 na zaidi zinarusha. Miriam Makeba na Hugh Masekela waliimba. Kuna wakati Stevie Wonder alishindwa kupanda kwa sababu kifaa chake cha muziki kilipotea, wakamrudisha dada mmoja asiyejulikana sana, Tracy Chapman, na gitaa lake tu peke yake mbele ya ule umati, na kuanzia usiku ule dunia ikamjua.

Halafu Februari 1990 Mandela akatoka. Mwezi wa tatu alikuja Dar kutushukuru, baba unaikumbuka hiyo. Na tarehe 16 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, akapanda jukwaani Wembley yeye mwenyewe, watu wakasimama wakapiga makofi mpaka akashindwa kuanza kuongea kwa dakika kadhaa. Mzee mmoja muuza skafu aliniambia alikuwepo, alilia kama mtoto, Mwingereza mtu mzima. Nikamwambia wale wapiganaji wake walikaa kijijini kwetu, wamekunywa maji ya visima vyetu. Hakuwa anajua. Akanishika mkono akanishukuru mimi, baba, nikakosa la kusema maana shukrani ile ni ya babu na wenzake.

Katikati hapo kuna 13 Julai 1985, tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia, na aliyeuteka uwanja wote kwa dakika kama ishirini hivi ni mwimbaji wa kundi la Queen, Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe Zanzibar, familia yake iliondoka 1964. Mwambieni shangazi wa Unguja, mtoto wa kwao huyo.

Mengine ni mengi nitayapita. Muhammad Ali alipigana hapa 1963 bado anaitwa Cassius Clay, akaangushwa na Henry Cooper kisha akamshinda. Papa Yohane Paulo wa Pili alisoma misa hapa Mei 1982, mama hiyo nayo yako, watu kama 80,000. Michael Jackson alijaza siku saba 1988, jumla 504,000, rekodi ikakaa mpaka kundi la Take That likafanya nane 2011, Taylor Swift nae akafanya nane 2024 na Coldplay kumi 2025.

Uwanja wa zamani ulifungwa Oktoba 2000 England wakifungwa na Ujerumani 1-0 kwenye mvua, ile minara miwili meupe ikaangushwa 2003. Hata kifusi chake hakikutupwa, sehemu yake ilitumika kutengeneza vilima vinne vya bustani huko Northolt, watu wanapanda na watoto Jumapili. Huu mpya wa 2007 una viti 90,000, tao lake limeenda juu mita 133 unaliona toka mbali kabisa, na vyoo, nawaambia mimi ninayevisafisha, 2,618. Goli la kwanza la fainali ya FA humu ni la Drogba wa Ivory Coast, na alikuja kufunga fainali nne tofauti, zote humu humu.

Sio yote mazuri. Julai 2021 fainali ya Ulaya watu wasio na tiketi walivunja vizuizi kama ule mwaka wa farasi, na vijana watatu weusi wa England waliokosa penalti wakatukanwa matusi ya rangi yao mitandaoni usiku kucha. Mwaka mmoja baadae tu dada zao, timu ya wanawake ya England, wakachukua kombe la Ulaya hapo hapo, watazamaji 87,192, na watoto wa kike wanatoka getini wanaruka. Nimewaona watoto kama hao siku za mechi za wanawake na nikamkumbuka mdogo wangu na mpira wake wa makaratasi.

Sasa ombi langu. Hapa kila kitu kimeandikwa, mechi, idadi ya watu, mpaka jina la farasi. Sisi uwanja wetu wa Jamhuri pale Dodoma mjini tumeona sherehe ngapi, mikutano ya siasa, mechi, ngoma za Wagogo, mwenge, nani kaandika? Na huo uwanja mpya mnaousubiri ukija, watu wataanza kusahau kwamba Jamhuri ilikuwepo. Kaka, wewe una simu nzuri, nenda kwa wazee wanaokaa pale karibu na uwanja na wale waamuzi wastaafu, waulize mmoja mmoja, rekodi sauti, andika mwaka na nani alikuwepo. Wasipokumbuka tarehe waulize mwaka ule mvua zilikuwaje, watakumbuka.

Ila anza na babu, Kongwa, kabla ya mavuno hajachoka. Muulize mambo matatu: wapiganaji walikuwa wanacheza mpira na vijana wa kijiji? Uwanja wao ulikuwa upande gani wa kambi? Na habari za Eusébio ziliwafika? Usimkatize, akianza kuimba nyimbo zao muache aimbe zote, uchukue na hizo. Nitumie kwa WhatsApp vipande vifupi vifupi maana vikiwa virefu havifunguki huku nikiwa kazini. Hela ya nauli na ya sukari ya babu nimeshamtumia mama kwenye simu, ijumaa ataiona.

Mwanao,
Wembley, London