Barua kwa mwanangu: giza linaloingia kupitia mlango wa kutokea

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na shikamoo yako, marahaba, mwanangu. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye swali lako la mwisho: ikiwa kanuni ya Heisenberg, ile inayowekea mpaka uhakika wa vipimo, haina mwanya wa kuikwepa, inakuwaje wanasayansi waseme kwamba wamebana nuru na kupunguza kelele za kikwanta katika vigunduzi vya mawimbi ya graviti? Swali hilo limenikumbusha kwamba mimi mwenyewe niliwahi kukupa maelezo yenye kasoro mbili, tena kwa kujiamini kupita kiasi, na sasa sina budi kuyasahihisha kabla hujajenga hoja nyingine juu yake.

Nilikueleza kwamba LIGO, kigunduzi cha mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga inayorefusha na kufupisha umbali, kina mikono miwili iliyonyooka, kila mmoja wenye urefu wa kilomita 4, inayokutana kwa pembe mraba. Na kwamba Marekani ina vigunduzi viwili vya namna hiyo, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana. Mwanga wa leza hugawanywa katikati na kioo kinachopitisha nusu na kuakisi nusu, kila nusu hushika mkono wake, hugonga kioo cha mwisho na kurudi. Mikono ikiwa imepangwa sawasawa, mawimbi yanayorudi hufutana kwenye mlango wa kutokea, nao hubaki karibu giza tupu. Likipita wimbi la graviti, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, kule kufutana hakukamiliki, na mwanga kidogo huponyoka. Wimbi la kwanza kunaswa, la tarehe 14 Septemba 2015, lilibadilisha mikono hiyo kwa kiasi kilicho kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni moja. Hapo sina la kufuta.

Kosa langu la kwanza lilikuja nilipotaja kelele. Nilikuambia kwamba nuru hufika kwenye kipokezi ikiwa fotoni, yaani chembe za nuru, mojamoja, kama matone ya mvua juu ya bati, na kwamba hata mvua iwe ya kiasi kilekile, idadi ya matone hupanda na kushuka kutoka sekunde moja hadi nyingine. Kupanda na kushuka huko ndiyo kelele, kwa maana wanayoitumia mafundi wa vipimo: si sauti inayosikika, bali mtikisiko wa namba unaofunika kitu unachokitafuta. Hesabu ya matone ni sahihi na inatoa jibu sahihi. Lakini nilikuacha uamini kwamba matone hayo yenye vurugu hutoka kwenye leza, nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikasahau kwamba kigunduzi kina milango miwili.

Mlango mmoja ni ule unaoingizia leza. Wa pili ni ule wa giza, ambao sisi huutazama kama mahali pa kutokea tu. Lakini mlango wa kutokea ni mlango wa kuingia pia, na kitu kinachoweza kutoka kupitia hapo kingeweza kuingia kwa njia hiyohiyo. Kinachoingia ni nini, ilhali hakuna taa upande ule? Ni ombwe. Katika fizikia ya kwanta, mahali pasipo na fotoni hata moja bado pana mtikisiko mdogo wa uga wa sumakuumeme, mtikisiko usioweza kuzimwa kwa kuweka pazia wala kwa kupoza mitambo. Mwaka 1981 mwanafizikia Carlton Caves alionyesha kwa hesabu kwamba kelele inayosumbua kigunduzi cha aina hii ni mtikisiko huo unaopenya kwenye mlango wa giza na kuchanganyika na mwanga wa leza. Vurugu za leza yenyewe hugawanyika sawasawa katika mikono yote miwili, na zinaporudi hufutana pamoja na mwanga wake. Mtikisiko wa ombwe huingia kwa upande mwingine, kwa hiyo hugeuka kinyume katika mkono mmoja ukilinganisha na mwingine, na kinyume hicho ndicho kinachofanana na athari ya wimbi la graviti. Nikikuambia kwamba napenda hoja hii kuliko karibu zote nilizowahi kusoma katika fani hii, usishangae: inasema kwamba chombo kilichojaa mwanga mkali kinavurugwa na giza.

Ukikubali hilo, dawa inajitokeza yenyewe. Kama kelele ingetoka kwenye leza, tungebaki kulalamikia leza. Kwa kuwa inatoka kwenye ombwe linaloingia mlangoni, tunaweza kulizuia ombwe la kawaida na kuingiza lingine lililoandaliwa. Pendekezo hilo limo katika makala ileile ya Caves.

Sasa nirudi kwa Heisenberg. Kanuni yake haisemi kwamba kila kipimo lazima kiwe na shaka ya kiasi fulani. Inasema kwamba kwa vipimo viwili vilivyofungamana, mathalani ukubwa wa wimbi la nuru na awamu yake, yaani pale lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, ukizidisha shaka ya kimoja kwa shaka ya kingine, zao hilo haliwezi kushuka chini ya kiwango maalumu. Katika ombwe la kawaida shaka hizo mbili zinalingana. Ukizichora kwenye karatasi, mhimili mmoja kwa ukubwa na mwingine kwa awamu, unapata duara. Kubana nuru ni kulibonyeza duara hilo liwe yai refu. Mfikirie mfinyanzi aliyeshika donge la udongo: analibana upande huu, linatokeza upande ule, na udongo ni uleule. Shaka ya awamu inapungua, shaka ya ukubwa inaongezeka, na zao lake halishuki chini ya kiwango kilichowekwa. Hakuna aliyeikwepa kanuni, mwanangu. Umetumika uhuru ambao kanuni yenyewe iliuacha. Kigunduzi husoma badiliko la awamu, basi shaka inasukumwa kwenye upande ambao hatuusomi.

Kuna neno linalopotosha hapa, nalo ni hilo la «nuru iliyobanwa». Kinachoingizwa kwenye mlango wa giza hakina mng'ao wa kuonekana. Ni ombwe lililobanwa, karibu na kutokuwepo kwa mwanga, ila lenye mtikisiko uliopangwa. Hutengenezwa kwa fuwele maalumu iliyowekwa kati ya vioo. Leza ya kigunduzi ina urefu wa wimbi wa nanomita 1064, mwanga usioonekana kwa macho. Fuwele hulishwa mwanga wa kijani wa nanomita 532, wenye nishati maradufu kwa kila fotoni. Ndani ya fuwele, fotoni moja ya kijani huweza kupasuka ikawa mbili za nanomita 1064, na mbili hizo ni pacha: mtikisiko wa mmoja unajulikana kwa kumtazama mwenzake. Upacha huo ndio unaolibonyeza duara.

Maabara ya Bell nchini Marekani iliipata nuru ya aina hii kwa mara ya kwanza mwaka 1985, kwa kutumia atomi za sodiamu, na mwaka uliofuata kundi la mwanafizikia Jeff Kimble likatumia fuwele. Kutoka hapo hadi kwenye kigunduzi halisi safari ilikuwa ndefu, kwa sababu mawimbi ya graviti yanatafutwa kwenye masafa ya chini (masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi), ya makumi hadi maelfu ya hezi, mahali ambapo kila mtetemo wa meza huharibu mbano. GEO600, kigunduzi kilichoko karibu na Hannover, Ujerumani, yenye mikono ya mita 600, ndiyo iliyotangulia kuitumia, kuanzia mwaka 2010. LIGO na Virgo, kigunduzi cha Italia, zilianza kipindi chao cha uangalizi cha Aprili 2019 zikiwa na mbano wakati wote wa kazi. Kelele ilipungua kwa desibeli 2.7 huko Livingston na desibeli 2.0 huko Hanford. Usizidharau namba hizo. Desibeli 3 ni kupunguza nguvu ya kelele hadi nusu. Na kwa kuwa kigunduzi kinachoona mbali zaidi kidogo husikiliza ujazo wa anga unaokua kwa kipeo cha tatu cha umbali huo, faida ndogo ya umbali huwa kubwa katika idadi ya matukio. Makadirio yao yalikuwa kwamba mbano huo uliongeza matukio yanayotarajiwa kunaswa kwa hadi asilimia 40 huko Hanford na 50 huko Livingston.

Ninafika kwenye kosa langu la pili. Uliniuliza siku ile, ukiwa bado mdogo, kwa nini wasiongeze tu nguvu ya leza, maana mvua ikiwa kubwa tofauti ya tone moja haionekani. Nilikujibu kwamba umesema kweli na kwamba ni suala la mitambo. Ulikuwa umesema nusu ya kweli, nami nikaisherehekea kana kwamba ni nzima. Nuru husukuma. Kila fotoni inayoakisiwa na kioo hukipa kisukumo kidogo, na fotoni zikiwa nyingi, vurugu ya visukumo nayo huongezeka. Mwanafizikia Vladimir Braginsky wa Moscow alikuwa ameonya zamani kwamba kukitazama kitu kwa nguvu ni kukisukuma. Palikuwa na ubishi: wengine walisema visukumo hugawanyika sawa kwenye mikono yote miwili na kwa hiyo havina madhara, na ni Caves huyohuyo, mwaka 1980, aliyeonyesha kwamba ombwe la mlango wa giza huvisukuma vioo vya mkono mmoja kinyume na vya mwingine. Kwa hiyo ukiongeza leza unanyamazisha kelele ya kuhesabu, inayotawala masafa ya juu, na kuchochea kelele ya kusukuma, inayotawala masafa ya chini ambako kioo kizito hupata muda wa kusogea.

Unaona tatizo linalofuata. Ukibana awamu, shaka ya ukubwa inafura, na shaka ya ukubwa ndiyo inayosukuma vioo. Donge la udongo limetokeza pale tulipodhani hapana mtu. Mwaka 2020 LIGO ilichapisha kipimo kilichonishangaza hata mimi niliyekuwa nikikitarajia: vioo vyake, kila kimoja kilo 40, uzito wa mtoto wa shule, vilionekana kusukumwa na mtikisiko wa kikwanta wa nuru kwa kiasi cha takriban mita 10⁻²⁰. Tumezoea kudhani kwamba kwanta ni mambo ya atomi.

Njia ya kutoka hapo ilikwisha andikwa mwaka 2001 na Kimble na wenzake, akiwemo mwanafizikia Kip Thorne: yai lisisimame upande mmoja kwa masafa yote. Kwa masafa ya juu libanwe upande wa awamu, kwa masafa ya chini libanwe upande wa ukubwa, na katikati lizunguke taratibu. Anayelizungusha ni uwazi mrefu kati ya vioo viwili. Kabla ya kufika kigunduzini, ombwe lililobanwa hupitishwa humo. Sehemu ya masafa ya chini hukaa ndani kwa muda na kutoka ikiwa imegeuzwa, ile ya juu hurudishwa mlangoni bila kuingia. LIGO walijenga uwazi huo wenye urefu wa mita 300, na tangu kipindi kilichoanza tarehe 24 Mei 2023 umekuwa ukifanya kazi. Ujazo wa anga unaosikilizwa umeongezeka kwa hadi asilimia 65. Ningekuwa mwalimu wako darasani ningekaa wiki nzima kwenye uwazi huu, kwani hapo ndipo unapoona kwamba swali si «kuna shaka kiasi gani», bali «shaka iko upande gani, na kwa masafa gani».

Uliuliza pia kwa nini desibeli mbili au tatu tu, ilhali maabara moja ya Hannover ilitangaza mwaka 2016 kwamba imepima 15. Adui ni upotevu. Fotoni pacha zikitenganishwa, kwa kufyonzwa na kioo, kwa kutawanywa na vumbi, au kwa mwale wa nuru kutolingana vizuri na uwazi wa vioo unaouingia, nafasi ya iliyopotea haibaki tupu: inajazwa na ombwe la kawaida, lenye duara lake lisilobonyezwa. Kwa hiyo kila doa kwenye kioo ni mlango mwingine wa giza uliosahauliwa wazi. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kelele ya ombwe la kawaida kuwa 1. Ikiwa mbano umeishusha hadi S, na sehemu L ya nuru imepotea njiani, inayobaki ni S mara (1 − L), jumlisha L.

Jaribu mwenyewe. Weka mbano mzuri sana, S iwe 0.1, kisha upoteze theluthi moja ya nuru. Mimi nimepata kelele ya 0.4. Halafu boresha fuwele hadi S iwe 0.01 bila kugusa upotevu, uone unapata nini, na uniandikie kama wewe ndiye mwenye fedha za mradi ungezitumia kununua fuwele bora au kusafisha vioo.

Ni mimi mama yako.