Nishaugua, kwa hiyo basi?

Mhariri, naomba nafasi nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye safu hii kwamba korona kaugua mara mbili, sasa mwili wake sugu, hana habari nayo. Ndugu yangu, kama ile ya kwanza ilikukinga, hii ya pili ilipitia wapi?

Simcheki, na mimi nilikuwa naongea hivyohivyo. Nadhani ni surua iliyotuzoesha vibaya, maana ile ukishaugua ukapona kwa kawaida hairudi tena, sasa tukaifanya kipimo cha virusi vyote. Chukua dengi. Virusi vyake viko aina nne, ukiugua aina moja unabaki na kinga ya hiyo moja, zile zingine unakingika kwa muda mfupi tu. Halafu akija kirusi wa aina ya pili, kingamwili zako za zamani zinamnata lakini kumuua haziwezi, matokeo yake zinamsindikiza hadi ndani ya seli, yaani mlinzi kafananisha sura kafungua geti mwenyewe! Ndo maana dengi kali, ile ya kuvuja damu na presha kushuka ghafla, inawakuta zaidi wanaougua mara ya pili. Hata chanjo ya Dengvaxia ilikwama hapohapo, mwaka 2017 watengenezaji wenyewe, Sanofi, walikubali kwamba mtu asiyewahi kuugua dengi akichanjwa halafu aje aambukizwe anaweza kuumwa vibaya zaidi.

Korona haiendi hivyo, nisitishe watu bure, ya pili mara nyingi inakuwa nyepesi. Ila nyepesi sio sawa na hakuna kitu. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2022, walipekua mafaili ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, wakakuta walioambukizwa tena walikuwa na matatizo mengi zaidi ya moyo na mapafu kuliko walioishia mara moja. Sawa, wengi wao ni wanaume watu wazima, sio kila mtu yuko hivyo, lakini mimi sio mzee na ya tatu ilinipa homa siku mbili tu, nikashangilia, halafu wiki sita nzima napanda ngazi nakaa katikati kuvuta pumzi.

Kwa hiyo barakoa yangu bado iko mfukoni, kwenye foleni ya watu wanaokohoa naivaa, wanaocheka wacheke.

Msomaji wenu wa siku zote