Barua ya malalamiko: Bomba lililoziba liko barabarani, si kwangu

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Mamlaka ya Majisafi na Majitaka.

YAH: MAJITAKA KURUDI NDANI YA NYUMBA KWA SABABU YA KUZIBA KWA BOMBA LENU

Ndugu Meneja,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa maji na majitaka tangu 2016. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita majitaka yanafurika kwenye choo cha nyuma, ambacho sakafu yake iko chini kuliko vingine, na yanatapakaa hadi koridoni. Mafundi wenu walifika Jumatano. Walichungulia chemba moja ya uani, wakaniambia, "Hili ni la ndani, mama, tafuta fundi," wakaondoka bila hata kusogelea chemba ya barabarani.

Fundi nilikuwa nimeshamwita jana yake, na nilisimama naye mwanzo hadi mwisho. Tulifunua chemba zangu zote tatu na zote zilikuwa zimejaa pomoni. Kama uchafu ungeziba katikati ya uwanja wangu, chemba ya mwisho ingekuwa tupu. Akaanzia kwenye hiyo ya mwisho, iliyo mita mbili kutoka ukuta wa uzio, akasukuma fimbo za kuzibulia kuelekea barabarani. Kila fimbo ina mita moja. Zikaingia sita bila shida, ya saba ikagota, yaani zaidi ya mita nne nje ya uzio wangu. Alipozivuta, ncha ilitoka na mchanga mweusi na kokoto. Jikoni kwangu hakuna anayemwaga kokoto.

Zilikoingilia napajua. Mfuniko wa chuma wa chemba yenu iliyo mbele ya geti langu uliibiwa mwaka jana. Nilitoa taarifa kwa simu mara mbili. Vijana wa mtaa ndio waliosimika tawi la mwarobaini pale ili bodaboda zisitumbukie. Kila mvua inaponyesha, maji ya barabara yetu ya vumbi yanaingia humo na mchanga wake wote. Masika haya yamemalizia tu.

Wajibu wangu siukwepi. Masinki, vyoo na mabomba hadi chemba ya mwisho ni vyangu. Mwaka juzi mafuta ya kupikia yaliganda kwenye bomba la jikoni; sikuwasumbua, nilimlipa fundi. Maji ya paa nayo nimeyaelekeza kwenye simtanki, hayaingii kwenye chemba. Ila siku ya kuunganishwa ofisa wenu alinionyesha kwa kidole kwamba kutoka chemba ile kwenda barabarani ni kwenu. Barabara siwezi kuichimba, na wala siruhusiwi. Halafu kila mwezi mnanitoza majitaka kulingana na uniti za maji zilizopita kwenye mita. Mwezi huu pia mmenitoza, na majitaka yenyewe yamo koridoni.

Mama yangu ana miaka 78. Usiku wa manane tunamshika mkono kumpeleka choo cha jirani, kwa tochi ya simu. Kufua tumeacha, na kuoga tunaogea kwenye beseni, kwa sababu kila ndoo tunayomwaga inarudi. Nawaomba muifikirie hali hiyo kabla ya kunijibu tena kwamba hili ni la ndani.

Naomba mlete gari la kuzibua na kusafisha bomba la barabarani ndani ya saa 48, na siku hiyohiyo muweke mfuniko, maana bila mfuniko mtarudi hapa kabla masika hayajaisha. Naomba pia mnirudishie shilingi 85,000 nilizomlipa fundi kwa tatizo ambalo si langu. Mkitaka, zikateni kwenye ankara zijazo. Na mnipe kwa maandishi mpaka wenu unaanzia wapi, ili fundi wenu ajaye asinirushie mpira.

Nisipopata jibu ndani ya siku saba nitapeleka lalamiko hili EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, nikiwa na picha za chemba zote nne, risiti ya fundi na nakala ya ankara, ambavyo nimeviambatanisha hapa.

Nawasilisha.

Mteja wenu

Nakala: Ofisi ya Serikali ya Mtaa