Risala ya Wazazi wa Vijana Wenye Usonji wa Lamu kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Waziri wa Kaunti unayesimamia masuala ya vijana na huduma za jamii; waheshimiwa madiwani; mkuu wa chuo hiki cha ufundi pamoja na walimu wako; mashekhe wetu na wazee wa mitaa; wazazi wenzangu; na nyinyi wanetu ambao ndio sababu ya mkutano huu: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuvuka kutoka Mokowe asubuhi ya leo ilhali kusi imechafua bahari. Sisi ni wazazi na walezi wa vijana wenye usonji kutoka Langoni, Mkomani, Shela, Matondoni na Mokowe. Wengi wetu tulifahamiana miaka mingi iliyopita mlangoni mwa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, wakati ambapo shida yetu kubwa ilikuwa kupata mwalimu atakayekubali kuwapokea. Watoto wale sasa wana ndevu, na wasichana wamekuwa wanawake. Darasa limekwisha, nao wamerudi nyumbani. Risala hii inahusu riziki yao.

Kwa wageni ambao jambo hili ni geni kwao, usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani, nayo huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyohitaji mambo yaende kwa utaratibu anaoujua. Hautokani na malezi mabaya wala chanjo, na si jini aliyempanda mtoto, ingawa wengi wetu tulizunguka kwa waganga kwa miaka kabla hatujalisikia neno lenyewe. Hauna kipimo cha damu; hutambuliwa na mtaalamu anayemtazama mtoto kwa utulivu na kuwasikiliza waliomlea. Tena haufanani kwa wote. Katika kundi letu yupo asiyesema neno, na yupo atakayekutajia kila mashua inayoondoka gatini, nahodha wake na saa yake, lakini asiyeweza kumweleza daktari panapomuuma.

Mheshimiwa, hatudai kwamba nchi imewasahau vijana hawa katika maandishi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kifungu cha 54 kinamhakikishia mtu mwenye ulemavu kutendewa kwa heshima. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinahusu haki ya mtu kujipatia riziki kwa kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, inaendeleza takwa la kutenga asilimia 5 ya nafasi za ajira. Shida yetu inaanzia pale maandishi hayo yanapomfikia kijana aliyeketi barazani kwa mama yake, saa nne ya asubuhi, hana pa kwenda.

Kijana huyo amekosa kote kuwili. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzigawia fedha kaya zenye uhitaji, una fungu la watu wenye ulemavu mkali, la shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, na limekusudiwa mtu asiyeweza kujihudumia, anayehitaji mlezi usiku na mchana. Wapo vijana wetu walio katika hali hiyo, nasi tunaomba wote wafikiwe. Lakini wengi wanaoga wenyewe, wanavaa kanzu zao wenyewe na wanakwenda msikitini kwa miguu yao, na kwa hiyo fungu hilo haliwahusu. Wakielekea upande wa ajira, wanashindwa katika dakika tano za kwanza za usaili. Kwa msaada wanaonekana wazima mno, na kwa kazi wanaonekana wagonjwa mno, wamekuwa kama popo, ambaye ndege hawamhesabu na wanyama hawamhesabu. Jambo kubwa tunaloliomba leo ni kwamba kaunti iwatazame hawa walio katikati.

Naomba nianze na tathmini, kwa sababu bila hiyo hakuna kinachofuata. Ili kijana asajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi yake, ni lazima kwanza apimwe na kutathminiwa katika hospitali iliyoidhinishwa na serikali, na hali yake iandikwe kwenye fomu. Kadi hiyo ndiyo inayomfungulia njia ya msamaha wa kodi, ruzuku za Baraza na nafasi zilizotengwa za kazi. Mzazi mmoja miongoni mwetu alimpeleka binti yake wa miaka 20 katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Wakakaa kwenye benchi tangu alfajiri, katika ukumbi uliojaa vilio na milango inayobamizwa, hata binti akaanza kujipiga kichwani. Walipoingia, aliyewapokea alimtazama juu mpaka chini akasema, "Mbona mtoto mzima huyu? Viungo vyote anavyo." Wakarudi bila fomu. Mama yule hakujaribu tena kwa miaka miwili, nami simlaumu, kwani neno kama hilo humrudisha mtu nyuma kuliko umbali wa safari. Wengine wameshauriwa waende Mombasa kwa mtaalamu. Safari hiyo, kwa kijana asiyestahimili mngurumo wa injini wala kubanwa na abiria, ni adhabu ya kutwa nzima hata pale nauli inapopatikana.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Hapa naomba radhi nikirefusha maneno, maana ndipo tulipojifunza mengi.

Mwanangu ana miaka 23. Kazi yake ya kwanza alitafutiwa na jamaa kwa nia njema: kupokea wateja katika nyumba ya biashara mjini. Ilimshinda kwa siku tatu. Alipoambiwa "karibisha wageni" alisimama mlangoni akawakaribisha hata waliokuwa wakipita zao, na redio ilipopandishwa sauti alitoka akaenda kukaa ufuoni mpaka magharibi. Aliyemwajiri alimrudisha nyumbani, akaniambia kwamba mwanangu hawezi kazi. Nilimwamini. Kwa mwaka mzima na zaidi sikumtafutia kazi nyingine, na hilo ni kosa langu mimi.

Baadaye mvuvi mmoja wa mtaani, mtu wa makamo asiyejua lolote kuhusu usonji, alimwona akihesabu matenga ya samaki kila asubuhi yanaposhushwa. Akampa daftari na kalamu. Leo mwanangu huenda bandarini baada ya sala ya alfajiri, hukaa karibu na mizani, na huandika jina la chombo, aina ya samaki na uzito wake: changu, tafi, kolekole, pweza. Hakosei. Wanunuzi wanapobishana wanaliendea daftari lake. Kilichofanya kazi hii imkae si muujiza. Saa zake hazibadiliki, anayemwelekeza ni mtu mmoja tu, kituo chake kiko pembeni mwa kelele za mnada, na ikiwa hakutakuwa na samaki kwa sababu ya upepo huambiwa jioni ya siku iliyotangulia. Malipo yake ni madogo na hayana mkataba, na jambo hilo bado tunalishughulikia. Lakini mwezi uliopita alininunulia sukari, Mheshimiwa, na alipoiweka jikoni aliniambia bei yake.

Vivyo hivyo kwa vijana ambao leo wanamaliza mafunzo ya kushona kofia za viua. Mnaijua kazi ile: kutoboa kitundu kidogo sana, kukizungushia uzi mpaka kikaze, kisha kuhamia kingine, mamia kwa mamia, kwa kufuata mchoro usioruhusu pengo. Kofia moja huchukua majuma mengi, na vijana wengi wa mji huu wameikimbia kwa sababu inachosha. Kijana wetu mwenye usonji, akiipenda, hachoki nayo, na mshono wake wa mwisho unafanana na wa kwanza. Isije ikadhaniwa, hata hivyo, kwamba kila mwenye usonji huzaliwa fundi wa kofia. Wawili waliacha katika wiki ya kwanza kwa kuwa ncha ya sindano iliwaudhi vidoleni. Mmoja wao sasa yuko katika kitalu cha mikoko, anajaza tope kwenye vifuko na kuvipanga kwa mistari, na mwengine anawahudumia punda wa ami yake, kwani punda hamuulizi maswali. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo kazi ya vitalu si ya kubahatisha. Tunachosisitiza ni kumtazama kijana kwanza, kisha kuitafuta kazi inayolingana naye, badala ya kumsukuma katika nafasi yoyote iliyobaki wazi.

Kuhusu usaili, Mheshimiwa, naomba ulitafakari jambo hili. Sisi wenyewe tumewalea watoto wetu kwamba kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Kijana mwenye usonji anapoinamisha uso mbele ya jopo, anaandikiwa kwamba hajiamini. Anaulizwa "tueleze kuhusu wewe", swali lisilo na mwanzo wala mwisho, naye ananyamaza. Hakuna aliyemwomba aonyeshe anavyofanya kazi. Tunaomba kwamba kwa nafasi zinazotangazwa na kaunti, mwombaji mwenye usonji akubaliwe kufanya kazi ya majaribio kwa muda maalumu mahali pa usaili, na maelekezo apewe kwa maandishi. Tunaomba pia kwamba ile asilimia 5 itakapohesabiwa, ihesabiwe kwa kutaja aina ya ulemavu, ili ionekane kama kuna mwenye usonji hata mmoja ndani yake.

Ombi jingine ni la mtu. Tunaomba chuo hiki kipewe mfanyakazi mmoja, na mmoja anatosha kuanzia, ambaye kazi yake itakuwa kumsindikiza kijana katika wiki zake za mwanzo kazini, kumfundisha pale pale penye kazi, kumweleza mwajiri na wafanyakazi wenzake, kisha kujiondoa kidogo kidogo. Kwa mwanangu mvuvi yule aliifanya kazi hiyo kwa ubinadamu wake. Hatuwezi kuwapangia vijana wote maisha yao kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Tunaomba pia tathmini iletwe kwetu: timu ya hospitali pamoja na afisa wa Baraza wafike Amu, yaani mji wa Lamu, na pia Faza, Kiunga na Mpeketoni kwa ratiba inayotangazwa mapema, na vijana wenye usonji watengewe saa zao, asubuhi, bila msongamano. Wazazi tuko tayari kuandaa maelezo ya kila kijana tangu utotoni mwake ili kazi ya wataalamu iwe nyepesi.

Na liko jambo linalosemwa kwa sauti ya chini majumbani. Familia zinazopokea fedha za Inua Jamii zinaogopa kwamba kijana akionekana akishona kofia au akibeba vifuko vya mikoko, jina la kaya litafutwa. Kwa hofu hiyo wapo wanaomficha ndani mtoto anayeweza kufanya kazi ya saa mbili kwa siku. Shilingi 2,000 ni ndogo, lakini ni za uhakika kuliko kibarua kinachoweza kukatika wiki ijayo. Tunaomba afisa wa huduma za jamii aje katika baraza la wazazi atueleze waziwazi, kwa maandishi, kijana anayejaribu kazi kwa miezi michache atahesabiwaje, na kazi ikimshinda atarudi vipi.

Sisi kwa upande wetu hatukukaa. Kikundi chetu kimesajiliwa, na tunaandaa ombi la ruzuku kwa Hazina ya Taifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu kwa ajili ya vitambaa, nyuzi na kabati. Tunafahamu kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tukielekezwa namna ya kujaza makaratasi yake, tunaweza kuuza miche ya mikoko. Baadhi ya matajiri wa mji wametupa sehemu ya zaka yao ya mwaka, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini zaka haiwezi kubeba mshahara wa mtu kwa maisha yake yote, na sisi tunaowalea tunazeeka. Kila mzazi aliyeketi hapa analala na swali la nani atakayemwambia mwanawe, jioni ya siku iliyotangulia, kwamba kesho hakuna samaki.

Mheshimiwa, nakala ya risala hii utakabidhiwa na mmoja wa wahitimu wa leo, pamoja na kofia aliyoishona kwa mkono wake. Amejizoeza hatua zake kutoka kwenye kiti mpaka kwenye meza kuu tangu juzi. Hapendi kushikwa mkono, na tunawaomba waliohudhuria wasipige makofi mpaka atakapokuwa ameketi. Atakuwekea vyote viwili mezani, hatakutazama usoni, kisha atarudi mahali pake. Tumemwahidi kwamba itakuwa hivyo.

Ni sisi,
Wazazi na walezi wa vijana wenye usonji,
Lamu.